Kifaru wa Shangazi Hakuwa wa Bati

Nakumbuka siku moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, nilipoisugua sarafu ya shangazi yangu kwa majivu hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nilidhani naipa heshima.

Ilikuwa sarafu ya fedha ya ukumbusho, yenye kifaru upande mmoja. Marehemu mume wake alipewa alipostaafu kazi, akarudi nayo kijijini kwetu Itaka. Ndugu zake wakamcheka: "Miaka yote ile, kaambulia kipande cha bati!" Alikufa wakiwa bado wanacheka. Shangazi alitaka kujua jambo moja tu: mumewe alidanganywa, au hakudanganywa?

Tukashuka Tunduma. Mnunuzi mmoja wa sarafu karibu na mpaka aliitazama akaguna.

"Ba mayo, mama yangu, hii ni ya juzi. Mbona inang'aa hivi? Mimi ninazo tano." Akazimwaga mezani, vifaru watupu. "Niachie, nikupe redio."

Nilikuwa na miaka ishirini, miguu haitulii mahali, na macho yalishafika kwenye redio. "Shangazi, tuchukue," nikasema.

Hakunitazama. "Beba zako zote," alimwambia yule bwana, "twende kwa sonara."

Akatufuata huku akicheka. Sonara, mzee mwenye vidole vyeusi, aliuliza kwanza: "Nani kaisugua?"

Nikainua mkono.

"Kijana, umeifuta miaka yake. Mkusanyaji wa sarafu atashusha bei hapo hapo. Siku nyingine ukitaka kusugua kitu, kaoge."

Shangazi alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka.

Sonara akafanya kazi yake taratibu. Sumaku haikuivuta, ila alisema hilo halitoshi, maana hata shaba haivutwi. Akaipima kwenye mizani, akaipima tena ikining'inia kwa uzi ndani ya maji, ajue ni nzito kiasi gani kwa ukubwa wake. "Ni fedha," akasema. "Lakini hata nakala yaweza kuwa ya fedha." Akanipa lenzi. "Haya, mharibifu, tazama."

Nikazitazama zile tano. Zote zilikuwa na mkwaruzo mmoja, mahali pale pale chini ya pembe, kama ndugu watano wenye kovu moja. Sonara akaeleza kuwa zilimiminwa kwa kalibu moja, yaani umbo moja la kumiminia, lililochukuliwa kwenye sarafu iliyokwaruzwa. Ya shangazi haikuwa na mkwaruzo huo, na mikunjo ya ngozi ya kifaru ilionekana wazi licha ya majivu yangu.

"Hii ndiyo yenyewe!" nikapiga kelele.

Mwenye redio alikusanya vifaru wake, akaondoka bila kuaga.

Jumapili, baada ya ibada, shangazi aliwaita shemeji zake kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Hakuwa na nia ya kuiuza. Akaidondosha sarafu juu ya jiwe. Ikalia, mlio mwembamba, mrefu.

"Mmesikia bati?"

Mkubwa wao alivua kofia.

Nimezunguka sana tangu siku ile, na leo vijana mnaniletea picha za sarafu kwenye simu. Mwanangu, picha haina uzito. Usisugue kabla ya kuuliza. Usimwachie anayetaka kununua akwambie thamani. Pima, linganisha, tazama tena. Nakala si dhambi ikiuzwa kwa jina lake. Dhambi ni kuipa jina la nyingine.

Mungu akupe jicho lisilo na haraka, na siku ukweli wako utakapogonga jiwe, waliokucheka wawepo wausikie.