Tonge Kabla ya Jina

Dado wa Ozi hajui kusoma, lakini kwa miaka mingi ndiye peke yake aliyejua jina la kweli la rasi iliyo karibu na mdomo wa Mto Tana. Ramani zinaiita Rasi Hatweli. Mimi niliyejifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari nimewafundisha watu wa Kulesa jina hilo kana kwamba ni elimu. Nimekula kwa Dado mara nyingi, nisimuulize hata siku moja. Nilidhani najua.

Nyumba ya kina Dado ilikuwa na mwiko: mgeni haambiwi jina la mahali kabla hajala chakula cha hapo. Wazungu wa kwanza waliposhuka pale kwa mashua, mababu zake waliwaandalia wali na kambare. Nahodha akauliza pale panaitwaje. Wakamwambia, "Kula kwanza." Hakula. Akaandika Hatweli, jina la mdogo wake, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga pwani hii.

Mwaka jana mpima ardhi aitwaye Oliver alikuja kutoka Garsen kusahihisha majina kabla ramani mpya haijachapwa. Nikampeleka kwa Dado. Watoto wake wamehamia Madogo na Mombasa, wala hakuna aliyekaa akalirithi jina. Lisipoandikwa siku ile, lingezikwa naye. Alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa jikoni tangu asubuhi.

"Bibi, nitajie tu, nina safari," akasema Oliver.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Nimekula Garsen."

"Cha Garsen umekula Garsen. Hapa una njaa."

"Nina maji yangu, Bibi, na biskuti."

Dado akanigeukia. "Huyu ni mjukuu wa yule nahodha. Rangi tu ndiyo imebadilika."

Oliver akacheka, akaingia garini, akawasha injini. Dado akafinya tonge la wali na samaki, akalifuata gari akichechemea, akanyoosha mkono dirishani. Oliver akatazama saa, akatazama tonge, akala.

"Mwisho wa Matamu," akasema Dado. "Hapo ndipo maji ya mto huishiwa utamu."

Oliver akaliandika kwenye simu huku akitafuna, akaondoka.

Tonge moja! Mama yake Dado angedai sahani nzima, na mgeni alale. Siku hizi bibi wa miaka themanini ndiye anayekimbiza gari na chakula chake mwenyewe.

Ramani ilifika Garsen mwezi uliopita, nikampelekea nakala. Jina lipo, kwa herufi ndogo, chini ya Hatweli. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaligusa.

"Wameandika kwamba alikula?"

Nikaikunja ile karatasi.

"Wameandika," nikasema.