Siku Mdogo Wangu Alipoimba Ukumbini

Kwa miaka sita nilipita nje ya ule ukumbi wa kale wa muziki mjini Saint Paul, Marekani, bila kuingia. Basi langu la kwenda kazini lilisimama karibu na mlango wake, na kila mara niliyasoma mabango ya wanamuziki wa kantri nikijiambia kwamba mwezi ujao nitanunua tiketi. Mwezi ujao ulikuja na shifti zake. Nilipoingia hatimaye, niliingia kwa mlango wa nyuma, nimembebea mdogo wangu mkoba wa nguo.

Muziki ule ulikuwa wangu kabla haujawa wake. Kule nyumbani Molo, Kenya, redio ya baba ilipopiga kantri Jumapili mchana, ni mimi niliyeketi mbele yake na daftari, nikinakili maneno ya Kiingereza ambayo nusu yake sikuyaelewa. Yeye alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo ulikuwa wangu. Alipokua nilimfundisha kuimba tukimenya viazi, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Alipokuja Minnesota akaishi nami Fridley, gitaa lake la kwanza nilimnunulia mimi. Baadaye akapata bendi ya Wazungu watu wazima, wapole sana, na bendi hiyo ikaalikwa kuimba nyimbo tatu ukumbini katika tamasha la alasiri.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na picha za waimbaji wa zamani wenye kofia pana, zimejaa ukutani hadi darini. Mpiga fidla wa bendi alimwonyesha mdogo wangu mahali ambapo mbao za jukwaa zimelika kwa visigino vya watu waliosimama hapo tangu enzi za babu zake. Mimi hakunionyesha. Nililigusa pazia zito jekundu wakati hakuna aliyenitazama.

Mwanamke mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaniuliza, "Wewe ni msaidizi wake?"

"Ni dada yangu," mdogo wangu akajibu haraka, akicheka. Lakini neno msaidizi lilikuwa limeshaingia.

Zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, akaanza kupekua mfuko wa gitaa. "Dada, kapo nimeiacha kwenye gari. Nisaidie, tafadhali."

Kapo ni kile kibanio kidogo kinachobana nyuzi shingoni mwa gitaa ili sauti ipande. Bila hicho, wimbo wake wa mwisho ungekuwa chini mno kwa koo lake. Niliikuta mara moja, juu ya kiti cha mbele. Nikaketi nayo mkononi, nikaufunga mlango wa gari. Sikuwaza mengi. Niliwaza tu: ajue naye kukosa kunavyokuwa. Niliporudi, kapo ilikuwa mfukoni mwa koti langu.

"Sijaiona," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. "Sawa. Nitaimba hivyo hivyo."

Nilikaa safu ya nne. Wimbo wa mwisho ulipofika, aliwaambia watu kwamba leo atauimba chini kidogo, kama alivyousikia nyumbani mara ya kwanza. Akaanza. Ilikuwa sauti yangu. Pale chini ndipo nilipokuwa nikiuimbia jikoni, na yeye alipumua nilipokuwa nikipumua, akavuta maneno nilipoyavuta. Watu wakasimama, bibi kizee aliyekuwa kando yangu akajifuta macho. Nikasimama nami, nikapiga makofi, na wivu ukazidi, kwa sababu sasa walikuwa wakinishangilia mimi na hakuna aliyejua.

Kwenye gari aliniambia, "Asante kwa kwenda kunitafutia."

Nikaitoa kapo mfukoni, nikaiweka mapajani mwake.

Tukavuka mto. Kisha akasema, "Ungeniambia unataka kuimba."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, dada. Mara mbili. Ulisema una shifti."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu, nikidhani ananionea huruma.

"Nisamehe," nikasema. Mwezi ule alihamia Maple Grove kwa rafiki yake, na kwa majira yote ya baridi tulionana kanisani tu, tukisalimiana kama majirani. Kuelekea Pasaka alipiga simu. Bendi ilikuwa na mazoezi Jumamosi, akasema, na walihitaji sauti ya pili.

"Ya pili?" nikauliza.

"Ya pili."

Nikamwuliza mazoezi ni saa ngapi, na Jumamosi nikampigia msimamizi wangu nikamwambia sitakuja kazini. Niliimba nyuma ya mdogo wangu saa mbili nzima katika gereji ya yule mpiga fidla, nikiitazama shingo yake. Wivu haukuisha. Ila mara mbili hivi, sauti zetu zilipokutana, niliusahau.