Ziwa Lilipotuhamishia Kasenga

Mtu akiniuliza mitaa ya Uvira ilipangwa na nani, humjibu kwamba sehemu ndogo ilipangwa na Wabelgiji kwa kamba, na sehemu kubwa ilipangwa na mwezi. Watu hucheka, wakidhani ni utani wangu wa kila siku. Lakini sisi tuliokulia ufukweni tunajua. Wavuvi wa ndagala huvua gizani kwa taa za karabai, maana samaki wale wadogo hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa na karabai haina kazi, basi mitumbwi hupandishwa mchangani na wanaume hushinda nyumbani. Mama alikuwa akisema mwanaume anayeshinda nyumbani ni mzigo, afadhali apewe udongo akanyage. Kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo zilikuwa siku za kujenga. Matofali yalifyatuliwa, kuta zikapanda kidogo, kisha giza likarudi, na nyumba ikaachwa ilivyo, haina mlango wala dirisha, ikingoja mwezi mwingine.

Uhuru ulinikuta mdogo sana. Naukumbuka vipande vipande, kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha: vumbi jekundu, ngoma, mwanamke mnene anacheza peke yake katikati ya barabara akiwa na kofia ya Mzungu kichwani. Baada ya hapo watu wakaanza kuja. Walishuka kutoka milimani na vitanda vyao vichwani, wakaja kutoka bonde la Ruzizi na mbuzi zao, kila mmoja akitafuta parsele, yaani kiwanja chake mwenyewe, maana sasa hakukuwa na wa kumkataza. Mtaa wa Nyamianda ukajaa. Ule wa Kimanga ukasogea hadi majini. Barabara zilizonyooka ziliishia pale kamba ya Mbelgiji ilipoishia, na kutoka hapo njia ilipita pale mbuzi alipopita.

Baba alijenga Kimanga, karibu na maji kiasi kwamba akitema mate dirishani yanaangukia ziwani. Alikuwa mvuvi, mtoto wa mvuvi, na kwake nyumba ambayo hausikii mawimbi ukiwa kitandani ilikuwa ghala tu. Mama alikuwa Mfuliiru wa milimani. Kwao mtu huangalia kwanza maji yanapita wapi, ndipo anapochimba msingi. Waligombana juu ya nyumba ile tangu tofali la kwanza, na nadhani walipenda kugombana.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Mvua za miaka ile zilikuwa hazina adabu. Kila asubuhi niliamka kuangalia maji yamefika wapi: mara kwenye jiwe la kufulia, mara kwenye mgomba wa mwisho, mara nyuma ya jiko. Siku moja mama alikuta kisamaki kinazunguka kati ya mafiga yake, akamwita baba aje aone.

"Angalia," akasema. "Sasa samaki inajipeleka yenyewe ku jiko. Haina tena lazima ya weye kwenda kuvua."

"Ziwa iko inapumua tu," baba akajibu. "Ikimaliza kuvuta, itatoa."

Akahamishia jiko upande wa pili wa nyumba, na kwake neno likawa limekwisha. Mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Nilipenda kulala nikisikia maji yakiulamba ukuta. Jua la asubuhi lilipochomoza juu ya milima ya Burundi, liligonga maji na kurusha mwanga darini, ukicheza juu ya mabati, nami nililala chali nikiamini nyumba yetu inaelea na kwamba tukipata upepo mzuri tutaondoka nayo. Sijawahi tena kulala katika nyumba nzuri kama ile, na ilikuwa inabomoka.

Waasi waliingia mjini wakati baba yuko ng'ambo. Alikuwa amevuka kwenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kuuza ndagala kavu, safari aliyoizoea kama wengine wanavyozoea kwenda sokoni. Asubuhi wakapita vijana wenye majani kichwani na mikuki, wengine na bunduki, wakiimba. Walionekana wamefurahi sana, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ikatangazwa kwamba mtumbwi wowote utakaoonekana ziwani utapigwa risasi. Ng'ambo ile nao wakatangaza hivyo hivyo. Basi ziwa likafungwa kama duka. Milima ya Burundi ilikaa pale pale, inajionyesha asubuhi, inapotea kwenye ukungu mchana, na baba yangu alikuwa chini yake mahali fulani, nami nilikuwa nikiikodolea macho nikitafuta moshi wa kwake.

Maji yakaingia ndani. Majirani wakaanza kuhamia juu, Kasenga, ambako wakati ule kulikuwa na mashamba ya mihogo na nyumba za hapa na pale. Mama, ambaye tangu siku ya kwanza alitaka kuishi juu, sasa akakataa kuondoka. Aliinua kitanda juu ya matofali, akatundika nguo na unga kwenye boriti, akakaa. Kaka yake baba, yaani baba mkubwa wangu, naye mvuvi, akaja kumsihi, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shemeji, unangoja nini? Mamba ije ipige hodi?"

"Bwana yangu anajua hapa tu," mama akasema. "Akirudia, atatukuta wapi? Huko Kasenga hata minye mwenyewe sipajui."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anapenda nyumba. Alikuwa anaogopa kwamba tukihama, baba hatakuwa na mahali pa kurudi, na mimi tangu siku hiyo nikaogopa naye. Ukuta wa upande wa ziwa ndio uliomaliza ubishi. Uliketi chini taratibu, mchana kweupe, kama bibi aliyechoka kusimama. Mama akapanda juu ya mabaki, akang'oa mabati mwenyewe, bati moja baada ya jingine, na baba mkubwa na wavuvi wenzake wakayabeba kichwani kupanda nayo Kasenga.

Kasenga ilijengwa hivyo. Wavuvi walikuwa hawana ziwa, kwa hiyo mwezi mzima ukawa mbalamwezi kwao. Walikanyaga udongo tangu asubuhi, wakafyatua, wakajenga, si nyumba yetu tu, mstari mzima, bila kusubiri giza wala mwanga. Lakini mvuvi ni mvuvi. Kila mmoja aliweka mlango wake kuangalia maji, maana hakuna aliyewahi kuona nyumba inayoangalia kwingine, na hakuna aliyekumbuka kwamba huko juu upepo wa ziwa hauna kizuizi. Mvua ya kwanza iliingia kwa milango yote kwa pamoja, ikatutafuta hadi kitandani. Barabara nayo ilipokuja baadaye ikapita nyuma. Wake zao waliwacheka mpaka wakachoka.

Mama hakucheka. Kila asubuhi alishuka Kimanga na vyombo, ingawa mto ulikuwa karibu zaidi, akasuuza masufuria yake pale pale, katika maji yaliyosimama ndani ya kuta zetu zisizo na paa. Alisuuza sufuria safi. Mimi nilikaa juu ya kile kilichobaki cha dirisha, miguu majini, nikitazama vitu vilivyokuwa chini: kipande cha chungu, kigae, ndagala wakipita kwa kundi pale nilipokuwa nikilala. Maji yalikuwa safi mno. Nilifikiri nikitazama kwa muda mrefu nitatuona sisi huko chini, tunakula.

Baada ya muda baba mkubwa alianza maneno ya matanga. Nisimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alimpenda ndugu yake, na alikuwa na hofu ya kweli kwamba mtu asiyeliliwa hapumziki wala hawaachi wengine wapumzike. Habari ilikuwa imepita ya mtumbwi uliopigwa risasi katikati ya ziwa. Alikuja na wazee wawili, wakaketi kwenye gogo mbele ya mlango wetu.

"Tumulilie ndugu yangu," akasema. "Halafu weye na mutoto mutakuwa chini yangu. Mutakula kwangu."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Minye sitalia muntu mwenye iko muzima," akasema.

"Nani alikuambia iko muzima?"

"Na weye, nani alikuambia amekufa?"

Wazee wakakohoa. Wanawake wa mstari wetu wakaanza kusema kwamba amekuwa mgumu wa moyo, kwamba mwanamke wa milimani hana machozi. Maana kweli hakulia. Sikumwona akilia hata mara moja, na nilimchukia kidogo kwa hilo, kwa sababu nilitaka kulia na sikuthubutu kumtangulia.

Askari wa serikali wakarudi na mvua mpya. Siku za risasi tulilala sakafuni, tumefunikwa na magodoro, nisingependa kusema zaidi. Kisha kukawa kimya, na watu waliokimbia wakaanza kurudi kwa barabara ya kaskazini, kwa miguu, mmoja mmoja, wamejaa vumbi kiasi kwamba wote walifanana.

Nilikuwa natoka mtoni na ndoo nilipomkuta mwanaume amesimama kwenye njia nyuma ya nyumba zetu. Alikuwa amekonda na amenyolewa kichwa chote. Alifanana na baba, nami sikushtuka, maana miezi ile karibu kila mwanaume alifanana na baba.

"Mutoto, namutafuta muvuvi mumoja wa Kimanga mwenye alihamia huku na ndugu zake," akasema. Akamwelezea baba mkubwa. Nikamwonyesha nyumba. Hakwenda. Alikuwa ananiangalia.

"Weye ni mutoto wa nani?"

"Wa mama."

"Na baba yako?"

"Iko ng'ambo. Mama anasema atarudia."

Akaketi chini, pale pale kwenye matope, na kuficha uso. Ndipo nikaona mikono yake, ile mikono iliyokatwakatwa na kamba za nyavu, nikadondosha ndoo na kukimbia kumwita mama.

Mama alitoka na udongo hadi viwikoni, alikuwa anasiriba sakafu. Alimwona baba, akaona kichwa kile kilichonyolewa. Kwetu mtu hanyoi hivyo bure. Uso wake ukabadilika.

"Nani amekufa?" akauliza.

Baba akamtazama, akanitazama mimi.

"Ninyi," akasema.

Akaeleza kwa vipande. Siku moja wakati wa vita, yeye na wenzake walijaribu kurudi, wakafika karibu vya kutosha kuona Kimanga, kabla risasi hazijawarudisha. Aliona maji yamesimama ndani ya nyumba yake na juu yake hakuna paa. Alijua mkewe hawezi kuogelea. Alijua pia ni mbishi. Hakuwaza kwamba mama angeweza kupanda ukutani na kung'oa mabati. Wavuvi wenzake wakamkalisha matanga, wakamnyoa, na kwa kuwa hakukuwa na miili, wakakata migomba miwili, mkubwa na mdogo, wakaivisha nguo na kuizika, kama wanavyozikwa watu waliopotelea majini. Kila nywele zilipoota alizinyoa tena. Sasa alikuja kumwona kaka yake tu, halafu arudi alikozika.

Mama alisikiliza, mikono imening'inia, udongo unamdondoka vidoleni.

"Mugomba wangu," akauliza polepole, "ulikuwa muzuri?"

"Ulikuwa muzuri."

"Minye, kaka yako alikuja hapa na wazee. Walikalia ile gogo. Walinisumbua, walinitukana. Sikukuzika."

Na hapo akalia. Alilia kwa sauti niliyokuwa siijui, ameshika kichwa, ameinama mbele ya mume wake mzima, kilio chote alichowanyima baba mkubwa na wazee wake. Baba alinyoosha mkono, mama akausukuma. Baba akanyoosha tena. Milango ya mstari mzima ikafunguka, wanawake wakazunguka nyumba mbio, vitenge wamejifunga viunoni, wakidhani habari ya kifo imefika mwishowe, wakiwa wameshaanza kulia nao kabla hawajaona ni nani yule aliyekuwa amemshika.