Kipindupindu Kilipofunga Mtaa Wetu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Rusimbi, karibu na mpaka wa Burundi, miaka ile ya wakimbizi, mtaa ndio ulikuwa uwanja, ndio ulikuwa redio. Ukitoka shule unapokewa na moshi wa samaki wa migebuka, mawese yanachemka, wasichana wanagombania zamu ya kukwepa mpira wa rede. Fundi wa rede alikuwa Goreti, wa umri wangu, aliyekimbia Burundi na shangazi yake wakapanga chumba mkabala na kwetu.

Kisha kipindupindu kikaingia. Soko likafungwa, mama lishe wakazimishwa majiko, shule nazo zikafungwa. Mtaa ukawa mtupu hata unaweza kumsikia kuku akiparura ng'ambo ya barabara. Mama alitukataza kuvuka kizingiti. Mimi na Goreti tukacheza mdako kila mtu mlangoni kwake, tukionyeshana kwa vidole kete tulizodaka. Watoto wa siku hizi, intaneti ikikatika saa moja tu, wanalia wamefungwa jela.

Mchana mmoja Goreti alisimama mlangoni akilia. Shangazi yake alikuwa anatapika, hawezi hata kuinuka. Milango ya jirani ilifunguka kidogo, ikafungwa. Majirani walishasema ugonjwa umeletwa na wakimbizi. Baba akamwomba mama afikirie wanawe kwanza. Mama alikuwa ameshachemsha maji, anakoroga chumvi na sukari.

"Siku nikilala mimi ugenini," alisema, "nani atanivukia barabara?"

Akavuka peke yake na birika lake. Nilimsikia akisema Kiha, shangazi akijibu kwa Kirundi, wakaelewana. Alimnywesha kidogo kidogo hadi gari la wagonjwa lilipofika. Goreti alipanda pia. Nilimpungia kutoka kizingitini. Kumshika mkono sikuruhusiwa. Mama akajitenga chumba cha uani siku tano, nasi tukimwekea chakula mlangoni na kukimbia. Hakuugua.

Shangazi naye alipona, lakini kutoka hospitali walipelekwa moja kwa moja kambini. Mtaa ulipofunguliwa tulicheza tena, kelele zikarudi, ila mimi nilikuwa nikiutazama ule mlango wa mkabala, wamepanga watu wengine.

Juzijuzi shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wanangu walishinda kwenye simu wakicheka na rafiki zao, wanaonana hadi meno. Niliwagombeza, lakini moyoni niliwaonea wivu. Rafiki yao akihama, wanahama naye simuni. Mimi nimebaki na jina moja tu, Goreti, na Burundi imejaa akina Goreti.