Pikapu Mbili na Saa Moja

Habari za kifo cha jirani yangu zilinifikia Jumatatu, nikiwa nachagua mbegu za karoti. Nikueleze ukweli tangu mwanzo, msomaji wangu: kabla hata sijasema "Inna lillahi", nilijiuliza ni watu wangapi watakwenda kumzika, na kama siku yangu watafika nusu yao. Nilimwonea wivu marehemu. Sikujishangaa sana, maana nilikuwa nimemwonea wivu kwa zaidi ya miaka ishirini, na chanzo chake kilikuwa saa ya gari.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kupanda milima yetu. Kabla ya hapo sote tulipanga foleni moja ya sukari na sabuni, wivu haukuwa na pa kushika. Mimi nilitangulia kununua pikapu hapa Lukozi, na kwa miezi miwili nilikuwa mtu. Kisha jirani yangu huyo, mkulima wa nyanya aliyeishia darasa la nne, akaleta ya kwake: aina ileile, rangi ileile, ila katikati ya dashibodi yake iliwaka saa ya tarakimu za kijani. Kwangu, mahali palepale, palikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki. Waundaji walichonga dashibodi moja kwa wote. Aliyenunua gari la bei ya chini wakamwachia pengo, akae akilitazama kila siku. Jirani aliirekebisha saa yake isome saa zetu, jua likichomoza inaonyesha kumi na mbili na nusu. Akina mama wa kabichi wakawa wanagombea kiti chake cha mbele. Mjane mmoja, jirani yetu, nikiwa nampeleka sokoni Lushoto, alikitazama kifuniko changu akasema, "La mwenzio lina saa. Chanda chema huvikwa pete." Nilikanyaga mafuta.

Siku hiyohiyo nilimfuata mwenzangu shambani. "Mgosi, hiyo saa inakula betri," nikamwambia, kama wanaume wa Kisambaa tunavyoitana. "Kwa baridi hii ya kwetu, asubuhi moja gari litagoma kuwaka."

"Kweli? Basi nashukuru. Wewe ndiye unayeyajua magari."

Kesho yake akamwambia fundi akate waya. Nilifurahi wiki nzima.

Hakuwa na saa ya mkono. Wiki iliyofuata alichelewa kufika Lushoto, akakuta lori la Dar es Salaam limeshaondoka, na nyanya zake, pamoja na za yule mjane, zikaozea kwenye matenga. Ndipo fundi alipomwambia kwamba saa kama ile haiwezi kumaliza betri hata gari likilala wiki. Akaja kwangu. Nilisimama mlangoni nikisubiri matusi. Alisema taratibu, "Kama uliipenda ungeniambia tu, ningekung'olea," akatoa bisibisi mfukoni, tayari kwenda kuing'oa. Nikakataa. Matusi ningeyasamehe, wema ule sikuusamehe. Tangu hapo nilikuwa nangoja apite kwanza ndipo nitoe gari, tusije tukasalimiana.

Mazikoni watu walijaa mpaka kwenye mashamba ya maharage. Nyumbani kwa marehemu, yule mjane, sasa bibi kizee, alilia kuliko ndugu. Watu walipopungua nilimwamkia shikamoo, nikakaa karibu naye, nikamweleza kwa nini nyanya zake ziliharibika siku ile.

"Aliniambia alipitiwa na usingizi," akasema. "Kosa lote alilibeba yeye. Wewe hakukutaja."

Leo vijana wanapimana kwa simu na pikipiki, na mimi sina haki ya kuwacheka. Ninachoweza kuwaambia ni hiki tu: ukisikia mwenzako amepata, nenda kampe hongera siku hiyohiyo, kabla hujapata nafasi ya kutafuta kasoro. Usingoje roho iridhike kwanza. Yangu haijaridhika mpaka leo. Juzi jirani mwingine ameezeka nyumba kwa bati jekundu linaloonekana ng'ambo ya bonde. Iliniuma. Nilivaa viatu, nikateremka na kupanda kwa miguu hadi kwake, nikamwambia limependeza. Na lilikuwa limependeza kweli.