Nyota Tano za Hermani

Kaka yangu Hermani ni fundi simu mjini Mbulu, lakini muulize mwenyewe, atakwambia kazi yake ni kuonja. Kila Jumamosi anaingia hoteli moja, anajirusha moja kwa moja mtandaoni akila, halafu anagawa nyota. Amekula tambi za Kichina Babati. Amekula piza ya Kiitaliano Katesh, akaipa nyota moja, akasema ni chapati iliyofiwa. Mimi Fabiola, dada yake, ndiye ninayemshikia simu. Malipo yangu ni soda.

Sasa sikia alichofanya huyu bwana wa mapishi ya dunia. Krismasi tulikuwa nyumbani Nambis. Mama akammiminia maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu chake, kile anachokifukiza kwa kijinga cha moto kama alivyofundishwa na mama yake. Hermani akanusa, akarudisha kikombe mbele ya wakwe zake waliokuja kula sikukuu nasi. "Mama, yananuka moshi. Siku hizi watu wanakunywa ya pakiti." Jamani! Mama akapokea kikombe. Baadaye jikoni akaniuliza, "Kama mwanangu ananionea kinyaa, huyu ng'ombe namfuga kwa ajili ya nani?"

Nilimfokea Hermani mpaka sauti ikakauka. Nenda ukaombe msamaha kabla mama hajamuuza huyo ng'ombe! Tangu baba afariki, ng'ombe yule ndiye anayeongea naye asubuhi. Hermani akacheka. "Mama? Hawezi kuuza." Miezi mitatu hakukanyaga Nambis.

Jumamosi iliyopita tukaingia hoteli mpya ya Odilia, dada mmoja aliyejifunza mapishi ya Kihindi Arusha. Tukaletewa biriani, pembeni bakuli la mtindi wenye matango. Hermani akaonja ule mtindi, akafumba macho.

"Ndugu zangu, utamu huu haujawahi kufika mkoa huu! Kuna kamoshi kwa mbali... Wahindi wana akili, nyie! Nyota tano!" Akamwita Odilia mbele ya kamera. "Dada, huu moshi mnautoa wapi? Bombay?"

Odilia akacheka. "Bombay wapi, kaka! Nambis. Kuna mama anaitwa Marieta, ananiletea maziwa tangu Krismasi. Anasema kwake hakuna wa kuyanywa. Ila ndiyo mwisho huo, unakula ya mwisho. Juzi kampeleka ng'ombe wake mnadani."

Mungu wangu! Simu nusura inidondoke. Haki ya Mungu, nilikuwa sijui. Nimeolewa Endagikot, na mama hakuniambia hata neno. Hermani kijiko kimemgandia hewani, watu mia mbili wanamtazama mtandaoni. Nikaizima simu.

Tukapanda bodaboda mpaka Nambis. Zizi lilikuwa wazi, limefagiliwa. Hermani alitoa shikamoo huku analia. Mama akaitikia marahaba, akamkalisha kwenye kigoda, akaingia ndani mbiombio. Akatoka na pakiti ya maziwa ya dukani, akaitoboa kwa meno, akajaza kikombe mpaka kikamwagika.

"Kunywa, baba," akasema. "Nilikuwekea. Haya hayanuki."

Nilimtazama usoni nikitafuta kama anamsuta. Hakuwa anamsuta.