Tundu la Sanduku la Betri

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye duka la betri Mbarara, mama mmoja wa Kashojwa anayechaji simu za watu kwenye tela yake aliweka sanduku la betri mezani. Alikuwa amelipaka gundi kila upande.

"Nimefunga kila fasi, papa, na bado mvua inaniulia betri."

Fundi akalipindua, akaligonga kwa chini. "Nyabo, toboa hapa."

"Mayi inaingia, na unaniambia nitoboe?"

"Maji lazima itaingia. Sasa ukifunga kote, itatokea wapi?"

Mama akanitazama, nami nikamtazama fundi. Hatukuelewa. Mama alitoboa hivyo hivyo, na jana mvua ilipokatika akanichajia simu.

Bado sielewi. Ila wanaolalamika kwamba siri hazikai kwangu, wajue mdomo ndio tundu langu. Bila huo ningeshaoza.